Mkono wa Bibi wa Vidunda

Nina mkono mwepesi. Wauguzi wenzangu wa Kilosa wanalijua hilo, na wasiolijua huwa nawaambia mwenyewe. Kwa zaidi ya miaka ishirini, mgonjwa aliyechomwa mara mbili tatu bila mshipa kupatikana aliletwa kwangu, nami nikaupata, tena huku nikipiga soga. Walinisifia mpaka nikaamini. Wahenga walishasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini nani hujidhania kuwa yeye ndiye mgema?

Kwa hiyo walipokuja watu wa utafiti kutafuta muuguzi wa kuzunguka vijijini kuchukua damu, bosi wangu hakuhangaika. Alininyooshea kidole. Nilikuwa nimebakiza miaka michache nistaafu, magoti yameanza kunung'unika, lakini nilikubali kabla sijaambiwa ni utafiti wa nini.

Ulikuwa wa Korona. Wakati huo watu wengi walishaisahau. Barakoa zilining'inia kwenye misumari nyuma ya milango, zinashika vumbi. Ila kirusi chenyewe kilikuwa hakijalala. Kila baada ya muda kilikuwa kinakuja na sura nyingine, na madaktari walitaka kujua: mzee wa huku kwetu aliyepata zile chanjo za mwanzo, kinga iliyomo mwilini mwake bado inazitambua hizi sura mpya? Kama inazitambua, ni kwa muda gani? Mtafiti mkuu alikuwa daktari kijana, mpole kupita kiasi, aliyekuwa na ofisi ndogo Mikumi. Alitufafanulia kwamba chanjo ni kama kumwonyesha mlinzi picha ya mwizi. Mwizi akifuga ndevu, mlinzi atamtambua. Akifuga ndevu, akavaa miwani na kubadilisha mwendo, mlinzi ataanza kusitasita.

“Sisi tunataka kujua mlinzi amefikia wapi,” alisema.

Kila baada ya miezi minne nilitakiwa nirudi kwa mzee yuleyule, nichukue damu, niiweke kwenye kasha la baridi na kuifikisha Mikumi siku hiyohiyo. Kutoka hapo ilisafirishwa hadi maabara kubwa, ikapimwa kuona inavyopambana na kirusi chenye sura mpya. Mzee ambaye kinga yake imeonekana kupungua ndiye angepelekewa kwanza dozi ya nyongeza, kwa sababu dozi zilizotufikia zilikuwa chache na milima yetu haina huruma. Mimi nilipewa Chanzuru, nilikozaliwa. Ruhembe, kwenye mashamba ya miwa. Na Vidunda, kule juu.

Fomu tulizopewa zilikuwa na kisanduku kimoja kilichonikera tangu siku ya kwanza. Kabla ya sindano, muuguzi amwombe mshiriki ataje majina yake matatu na mwaka wa kuzaliwa, alinganishe na kadi yake ya utafiti, kisha aweke tiki. Yaani nimwamkie mzee shikamoo, aniitikie marahaba, halafu nimuulize, “Wewe ni nani?” Kwetu mtu mzima haulizwi jina usoni. Unaulizia kwa jirani, au unamwita bibi, babu, mama fulani, na maisha yanaendelea. Nilijisemea kwamba aliyetunga ile fomu hakulelewa na bibi. Nikawa napokea kadi kwa mikono miwili, naisoma kimyakimya, naweka tiki, kisha nafunga mpira mkononi. Nani atajua? Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku hizo sikujiona mwongo. Nilijiona mtu mwenye adabu.

Siku ya kwanza kupanda Vidunda, yule daktari alifuatana nami, anataka kuona kazi inavyofanyika. Gari liliishia pale barabara ilipokataa, tukatembea kati ya migomba na maharage mpaka kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma, bati lake limeliwa na kutu. Bibi wa nyumba hiyo alikuwa anatusubiri mlangoni. Sote tulivaa barakoa, ndiyo yalikuwa masharti, kwa hiyo nilichokiona usoni kwake ni macho mawili tu, na juu yake kilemba cha kitenge cha zambarau. Alikuwa mwembamba, mgongo umenyooka, mikono imekauka kwa jembe. Alikuwa anaishi peke yake na bado anapanda hadi shamba lake lililo juu ya nyumba. Watoto wake walikuwa wametawanyika mijini.

Nikafunga mpira. Mshipa ukaonekana, mzuri tu. Nikaugusa, ukakwepa. Nikachoma, hamna kitu. Nikahamia mkono wa pili, nao vilevile: unaonekana, ukiukaribia unajificha. Mara ya tatu mshipa ukapasuka, pakavimba na kugeuka zambarau kama kile kilemba. Nyuma yangu daktari kijana alikuwa amesimama, hasemi kitu, na ule ukimya wake ulinichoma kuliko sindano zote nilizomchoma bibi. Jasho lilinitiririka mpaka barakoa ikalowa. Nilisikia aibu ambayo sikuwahi kuisikia tangu nikiwa mwanafunzi. Mwishowe niliupata mshipa mdogo kwenye kiganja, nyuma, damu ikatoka tone kwa tone hadi chupa ikafika kwenye alama.

“Pole, mwanangu,” bibi aliniambia.

Nilichukia. Mgonjwa ndiye anayepewa pole, si muuguzi. Tuliposhuka, daktari alijaribu kunituliza kwamba hayo hutokea. Nikamjibu kwamba hutokea kwa wengine.

Miezi minne ikapita. Niliporudi nilikuwa na dereva tu, naye alibaki kwenye gari. Njia nzima nilikuwa naufikiria ule mkono. Nilikuta bibi ameketi nje kwenye kigoda, barakoa usoni, kilemba kilekile cha zambarau, kadi iko mapajani, na mkono wa gauni ameshaukunja hadi juu ya kiwiko. Nikaamkia, akaitikia. Nikapokea kadi, nikaisoma, nikaweka tiki. Nikafunga mpira, na mshipa ukasimama wenyewe, mnene, umetulia, unasubiri. Nikachoma mara moja tu. Chupa ikajaa kabla sijamaliza kumuuliza habari za maharage.

“Bibi!” nilimwambia. “Leo mishipa imeamka!”

“Nimekunywa maji mengi,” alijibu, akacheka.

Nami nikacheka, nikacheka kweli, kicheko cha mtu aliyerudishiwa kitu chake kilichopotea. Nilishuka mlima naimba. Ziara ya tatu ikawa vilevile: kigoda, kilemba, mkono umekunjwa, mara moja tu. Sikujiuliza chochote. Mtu akipewa anachokitamani haulizi kimetoka wapi.

Wiki kadhaa baada ya ile ziara ya tatu, daktari alinipigia simu kutoka Mikumi, sauti yake imechangamka. Alisema damu ya bibi wa Vidunda imewashangaza watu wa maabara. Wazee wengi kinga yao ilikuwa inashuka polepole, kama ilivyotarajiwa. Ya bibi ilikuwa imepanda. Tena ilikuwa inapambana vizuri na sura mpya ya kirusi, ile ambayo kwa wengine ilikuwa inapenya. Wiki hiyo, tukinywa chai pale ofisini, ilikuwa ni bibi wa Vidunda asubuhi, bibi wa Vidunda jioni. Mmoja akasema ni hewa ya mlimani. Mwingine akasema ni mlenda. Mtunza takwimu, mtu wa Dar asiyejua hata mlenda unavyopikwa, akapendekeza tuandike swali jipya la dodoso kuhusu asali. Mimi nilikaa pale nikiwa nimevimba kichwa, utadhani nimemzaa.

Orodha ya dozi za nyongeza ilipotoka, jina la bibi lilikuwa chini kabisa. Pembeni yake paliandikwa: anaweza kusubiri.

Ulipoingia mwezi wa saba, baridi ikashuka milimani na kikohozi kikaja nayo. Nilipanda Vidunda na kasha la chanjo kwa ajili ya wazee wa juu kwenye orodha, nikawachoma mmoja mmoja. Nilipomaliza ilikuwa bado mchana, nikaona si vibaya nipite kumsalimia shujaa wetu. Sikuwa na dozi yake. Nilikwenda kutamba tu.

Nikamkuta amesimama mlangoni, mzima wa afya, safari hii hana barakoa. Nikamwamkia kwa sauti kubwa, nikamtania kwamba watu wa Mikumi wanataka kumwoa kwa ajili ya damu yake. Hakucheka. Alinishika mkono na kunivutia ndani.

Kitandani alilala bibi mwingine, amefunikwa mablanketi mawili, anahema kwa kasi na kwa juujuu. Nikauliza huyu mgonjwa ni nani. Yule aliyenivuta akasema ni dada yake, anaumwa siku ya tano, na tangu jana hali chakula. Sikuuliza zaidi. Nilivaa barakoa, nikamwekea kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima hewa ya damuni, na namba iliyotokea ilikuwa chini mno. Nikampigia simu dereva atafute watu wa kutusaidia kumshusha. Wakati tunasubiri, nikatoa dripu ya dharura tunayoibeba pamoja na chanjo, kwa maana midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka. Nikafunga mpira.

Mshipa ukaonekana, mzuri tu. Nikaugusa, ukakwepa.

Naapa, vidole vyangu viliujua ule mkono kabla kichwa changu hakijajua. Nilihamia mkono wa pili nikiwa tayari nafahamu nitakachokikuta, nikakikuta. Nikageuka kumtazama yule aliyesimama nyuma yangu, na mishipa yake minene ikipita juu ya mikono aliyoikunja kifuani.

“Bibi,” nilimwambia, “wewe ni nani?”

Ndiyo mara yangu ya kwanza kumuuliza. Akanitajia jina lake, na halikuwa lile la kwenye kadi.

Sikupata muda wa kukasirika. Majirani walikuja na machela ya miti miwili na blanketi, wakambeba bibi mkubwa, mwenye kadi, kwenye ule mteremko, mimi nikiwa kando nashikilia chupa ya dripu ambayo hatimaye niliipitisha kwenye kimshipa cha mguuni. Bibi mdogo alikuja nyuma na kikapu cha nguo, anaongea na dada yake kikwao, maneno mafupimafupi, na dada anajibu kwa kutikisa kichwa. Njia nzima kwenye gari nilikuwa nahesabu pumzi.

Hospitali ya bondeni walimpokea haraka, wakamwekea oksijeni, wakapima, ikawa Korona. Sisi wawili tukatolewa nje. Tukakaa kwenye benchi la saruji, jua la alasiri linatupiga miguuni, na hapo ndipo bibi mdogo alipoanza kueleza kabla sijamuuliza.

Alikuwa anaishi Ruhembe kwa binti yake, anayefanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Miezi michache kabla ya ile ziara yangu ya pili, zahanati ya huko ilitoa dozi za nyongeza, naye akachomwa. Baadaye kidogo akashikwa na mafua makali, nyumba nzima ikashikwa, wakapona. Siku nilizopanga kurudi Vidunda, dada yake alimwita apande mlimani, akampa kadi yake, akampa na kitenge.

“Alisema nivae kile kile ili usipate taabu ya kunitambua,” alieleza.

“Na hamkuona kwamba ni kosa?”

“Kosa gani, mwanangu? Tumetoka tumbo moja, tumenyonya ziwa moja. Ulikuja kutafuta damu. Damu yangu na yake ina tofauti gani?”

Kwao ukoo ni wa mama. Mtoto wa dada ni mtoto wako, na mama mdogo ni mama kamili, si wa akiba. Mmoja akiitwa barazani, mwenzake akaenda, kuna anayeshangaa? Walikuwa wametenda kama dada wanavyotendeana, na hakuna mtu aliyekuwa amewaeleza, kwa maneno ya kueleweka, kwamba damu tunayoitafuta ina kumbukumbu zake yenyewe: inakumbuka chanjo gani imepata, imeumwa lini, imekutana na sura ipi ya kirusi. Damu ya mdogo ilikuwa imesoma picha mpya ya mwizi. Ya mkubwa ilikuwa imebaki na ile ya zamani. Aliyetakiwa kuwaeleza hayo alikuwa mimi, na nilikuwa bize kufurahia mshipa.

Bibi mdogo akaniuliza:

“Hiyo damu yangu ndiyo iliyomkosesha dada ile sindano?”

Ningeweza kudanganya. Nimewahi kuwadanganya ndugu wa wagonjwa kwa nia njema, kila muuguzi amewahi. Nikamwambia ndiyo.

“Angechomwa, asingeumwa?”

“Sijui, bibi.”

“Wewe si ndiye mtafiti?”

Nikamweleza nilivyoweza. Kwamba chanjo haizuii kila kikohozi, inapunguza makali. Kwamba wapo waliochanjwa wakaugua sana, na wapo wasiochanjwa wakapona na maji ya moto. Kwamba utafiti unaweza kusema kuhusu wazee wengi kwa pamoja, wangapi wamelindwa na wangapi hapana, lakini ukimwekea mzee mmoja mbele yake, huyu hapa, anayehema nyuma ya huu ukuta, hauna jibu. Nilijisikia vibaya sana kulisema hilo. Kazi yote ile, milima yote ile, na swali pekee aliloniuliza mtu mwenye haki ya kuuliza lilinishinda.

“Kwa hiyo hujui kama nimemuua, na hujui kama sijamuua.”

“Hajafa, bibi. Na kama kuna mwenye kosa, ni mimi. Sikukuuliza jina.”

“Ungeniuliza ningekwambia,” alisema. Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anasema ukweli tu, na hapo ndipo nilipozidi kuumia.

Kesho yake nilikwenda Mikumi. Nilikuwa nimejiandaa kufokewa, hata nikawa nimetunga na majibu, maana mimi sifokewi nikanyamaza. Daktari alinisikiliza hadi mwisho. Akavua miwani, akaifuta kwa shati lake, akaivaa tena.

“Hao wengine kwenye orodha yako,” aliuliza, “uliwauliza majina?”

“Hapana.”

“Hata mmoja?”

“Hata mmoja.”

Laiti angefoka. Aliandika kitu kwenye daftari, akasema kwa upole kwamba damu zote nilizochukua hazitahesabiwa mpaka kila mzee athibitishwe upya, na kwamba jambo hili ataliandikia taarifa kwa wasimamizi wa utafiti, pamoja na jina langu. Kisha akaongeza kwamba na yeye alistahili kulaumiwa, kwa kuwa alishangilia matokeo yasiyo ya kawaida bila kwenda kuyatazama kwa macho. Hilo nalikumbuka mpaka leo, kwa sababu hakulazimika kulisema.

Nikaanza kuzunguka upya. Safari hii niliuliza. Chanzuru, mzee mmoja aliyekuwa rafiki wa marehemu baba yangu alinitazama tangu kichwani hadi miguuni.

“Mimi niliyekubeba mgongoni leo unaniuliza jina? Umelogwa, au ni hizo hela za wazungu?”

“Hakuna mzungu, baba. Ni fomu.”

“Fomu haina macho?”

“Haina, ndiyo maana inauliza. Naomba jina.”

Alilitaja huku ameangalia pembeni, kwa hasira, na mwaka wa kuzaliwa akanikatalia mpaka nilipomwomba msamaha mara tatu. Nilikuwa najikumbusha kwamba heshima si utumwa, nikiondoka pale nakwenda kwa mwingine kutukanwa upya. Wote walikuwa ndio wenyewe. Ni nyumba moja tu, kule mlimani, iliyokuwa na mambo yake. Matokeo ya bibi wa Vidunda yalifutwa, na swali la asali halikuandikwa.

Na yeye alipona. Haikuwa haraka, alikaa hospitali karibu wiki mbili, na kuna siku tatu katika hizo nilikuwa naogopa kupokea simu. Mdogo wake hakuondoka. Alilala kwenye mkeka chini ya kitanda, akampikia uji kwa jiko la kuazima, akamwogesha. Lakini mapafu hayakurudi kama zamani. Kutembea hatua chache kulimchosha, na nyumba yake ilikuwa mlimani, shamba likiwa juu zaidi. Ndipo familia ilipoamua abaki Ruhembe kwa mdogo wake, kwenye tambarare. Mbuzi wake waligawiwa majirani. Niliposikia habari ya mbuzi nilikwenda kukaa chooni pale kazini nikalia, kwa sababu nilijua bibi yule hakuwa mtu wa kukaa tambarare.

Madaktari waliporidhika kwamba muda umepita wa kutosha tangu augue, niliomba mwenyewe nimpelekee ile dozi ya nyongeza. Nilimkuta uani kwa mdogo wake. Ulikuwa msimu wa kuchoma miwa. Masizi meusi yalikuwa yanaanguka taratibu kwenye ua, juu ya nguo zilizoanikwa, na bibi alikuwa anayapangusa mapajani bila kuyatazama. Bila barakoa alikuwa na uso mpana kidogo, mpole, na pengo moja mbele. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamuuliza majina yake matatu. Akayataja yote, polepole, kwa sauti ya mtu aliyefundishwa kusoma misheni, na mwaka akautaja.

Kisha nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Mikumi. Nikamwambia natambua kwamba mara ya kwanza nilimuumiza, nilimchoma vibaya, mkono ukavimba, na kwamba mtu yeyote angeogopa na kumtuma mwingine badala yake. Nikamwambia hofu yake ile niliisababisha mimi.

Alinitazama kama mtu anayesikiliza lugha ya kigeni. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamshika, mdogo wake akatoka ndani na maji.

“Hofu?” alisema alipopata pumzi. “Mimi nimezaa watoto saba, wanne nikiwa peke yangu shambani. Niogope kisindano chako?”

“Basi kwa nini hukuja mwenyewe, bibi?”

Akaacha kucheka.

“Ulikuwa unatetemeka,” alisema. “Yule daktari kijana amekusimamia nyuma, jasho linakutoka, na ile mara ya tatu nikakuona macho yamejaa machozi. Ulipoondoka sikulala vizuri. Nikamwambia huyu mdogo wangu, yule muuguzi wa watu naye kashakuwa mtu mzima, amebakiza kidogo apumzike, wasije wakamfukuza kazi kwa ajili ya mishipa yangu mibovu. Nenda wewe, una mishipa mizuri.”

Mdogo wake alikuwa amesimama pale na kikombe, anatikisa kichwa kukubali.

“Akarudi akaniambia umecheka,” bibi aliendelea. “Kwamba umecheka sana. Nikafurahi. Nikamwambia basi na safari ijayo uende wewe.”

Wema usizidi uwezo, tumefundishwa tangu utotoni, lakini hakuna aliyetufundisha la kumwambia mtu aliyezidisha kwa ajili yako. Miaka zaidi ya ishirini nimekuwa nikiwahurumia wagonjwa, au nikidhani nawahurumia. Huyu alinihurumia mimi, mtu mzima mwenye majivuno, karibu alipe kwa uhai wake, na amelipa kwa mlima wake. Nililia pale uani bila kujificha, kichupa cha dozi kikiwa mkononi, masizi yananiangukia kwenye sare nyeupe. Waliniacha nilie. Kisha bibi akateremsha gauni lake begani, mwenyewe, akaniambia nimchome, dozi isije ikapata joto.